Gari ling'ae, lakini kwa sabuni ipi?

Ukipita katika mtaa wowote wa Nairobi Jumamosi asubuhi, uwe ni Buruburu, Umoja, Lang'ata au Kahawa, utaona jambo moja lisilobadilika. Magari yameegeshwa safu kwa safu, milango iko wazi, redio zinapiga muziki, na vijana waliovaa viatu vya mpira wanapita na ndoo. Ndani ya ndoo mna povu jeupe linalofurika. Mwenye gari amesimama kando, kikombe cha chai mkononi, na kadiri povu linavyozidi ndivyo naye anavyozidi kuridhika. Kwetu sisi, povu jingi ndiyo dalili ya usafi.

Nami nilikuwa mmoja wa watu hao. Leo nataka nikueleze jinsi povu hilo lilivyonigombanisha na kijana wa watu, na kile nilichojifunza baadaye, ili usije ukatumbukia katika shimo nililotumbukia mimi.

Gari letu si la kujivunia mbele ya watu. Ni gari dogo jeusi lililoshushwa bandarini Mombasa kutoka Japani, likiwa limebakisha miezi michache kufikisha ile miaka 8 ambayo ikipita gari kuukuu haliruhusiwi kuingia nchini. Tulilinunua kwa mkopo wa chama cha akiba, na mkopo wenyewe ni wa miaka 4. Mama watoto alisema neno moja tu siku tulipolileta nyumbani: “Deni lisije likadumu kuliko gari.” Kwa sababu ya neno hilo nikaamua kulikinga. Nikalipeleka kwa fundi, akaliosha, akalisugua, akalipaka ule utando unaoitwa seramiki. Nililipa pesa ambazo zingetosha karo ya muhula mzima ya kifungua mimba wetu.

Wiki za kwanza lilikuwa jambo la ajabu. Mvua ikinyesha, maji yalijikusanya juu ya boneti kama yafanyavyo juu ya jani la nduma, yakawa matonetone ya duara, kisha yakateleza na kwenda zake pamoja na vumbi. Watoto walikuwa wakitoka nje na kikombe cha maji ili kuwaonyesha wenzao.

Baada ya kama miezi 5 hivi, maji hayakuteleza tena. Yalitulia juu ya paa kama maziwa yaliyomwagika mezani, na yalipokauka yaliacha mabaka meupe. Gari jeusi halifichi kitu, msomaji. Kila baka lilionekana hadi ng'ambo ya barabara.

Ni nani wa kulaumiwa? Nilimwita kijana aliyekuwa akituoshea gari kila Jumamosi. Nikamwuliza anatumia nini. Akajibu kwa adabu, “Ni ile sabuni uliyonipa, baba.” Sikutaka kusikia. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba amekuwa akiniuzia sabuni yangu na kuosha kwa sabuni ya unga. Nikamwambia asirudi. Majirani wawili waliosikia ugomvi ule nao wakamwachisha. Alikuwa akiosha magari 6 katika ua wetu, na kwa asubuhi moja akabakiwa na 3.

Hapo tuache kidogo, kwa kuwa huwezi kuelewa lililotokea kabla ya kujua kuna nini juu ya bati la gari.

Rangi ya gari la siku hizi si kitu kimoja. Juu ya bati kuna rangi ya msingi inayozuia kutu na kuishika ile inayofuata. Juu yake kuna rangi yenyewe, nyeusi, nyekundu au nyeupe. Juu ya hiyo kuna tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo mafundi wetu huliita klia. Mng'aro wote unaouona unatoka katika klia. Kwa kawaida unene wake ni kati ya mikroni 35 na 50 hivi, nao unywele wa binadamu una kama mikroni 70. Kwa hiyo kinachozuia jua, mvua na kucha za paka wa jirani zisiifikie rangi ya gari lako ni kitu chembamba kuliko unywele. Kila mkwaruzo unaosuguliwa ili uondoke huondoka na sehemu ya klia, na klia hairudi.

Ndiyo maana watu hupaka kinga juu yake. Kuna nta, ambayo iliyo maarufu zaidi hutokana na majani ya mnazi fulani wa kaskazini mashariki mwa Brazil uitwao karnauba. Hung'aa vizuri sana, lakini chini ya jua letu hudumu wiki chache tu, au miezi miwili mitatu ukibahatika. Kuna kinga za polima zinazotengenezwa viwandani, nazo hudumu miezi kadhaa. Halafu kuna seramiki, ambayo msingi wake ni silika, madini yale yale yaliyomo katika mchanga na kioo. Hiyo hushikamana na klia na kudumu mwaka mmoja au zaidi, ingawa unene wake ni mikroni 1 au 2 tu.

Kila mojawapo ina adui wake. Hapo ndipo tunapofika kwenye sabuni.

Wanafunzi wa sekondari mnaosoma ukurasa huu, nawaomba mtusaidie nyumbani. Mnakumbuka karatasi ya litmasi kutoka maabara? Koroga kijiko kimoja cha sabuni ya unga ya kufulia katika glasi ya maji, kisha tumbukiza karatasi nyekundu. Itageuka buluu mara moja. Maana yake ni kwamba maji hayo ni alikali, kinyume cha asidi. Katika kipimo cha pH, ambapo maji safi ni 7, sabuni nyingi za unga hufika 10 au hata 11. Sababu kubwa ni kwamba ndani yake mna magadi, yale yale yanayochimbwa katika Ziwa Magadi kule Kajiado, ingawa ya sabuni yamesafishwa kiwandani. Mama anayetia chembe ya magadi katika sufuria ya maharagwe anajua jinsi yanavyolainisha kitu kigumu. Sasa fikiria nta ya gari lako inavyolainishwa kila Jumamosi.

Sabuni ya unga ilitengenezwa ili itoe mafuta na jasho kwenye ukosi wa shati. Haijui kubagua kati ya mafuta ya jasho na nta uliyoigharimia. Pigo moja haliui, lakini ukiendelea hivyo kwa mwezi, nta imekwisha. Polima itafuata. Seramiki ni sugu zaidi, nayo itavumilia muda mrefu, lakini alikali kali ikiirudia kila wiki huichosha kabla ya siku zake. Aidha, kuna chembe za unga zisizoyeyuka vizuri, hasa maji yakiwa baridi. Chembe hizo zikinaswa katika kitambaa hugeuka kuwa msasa. Tazama boneti ya gari la jirani jua linapochomoza, utaona viduara vyembamba kama utando wa buibui.

“Basi nitatumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo,” wengi huniambia, “kwa sababu haichubui mikono.” Kweli haichubui, na ukiipima kwa litmasi huenda karatasi isibadilike sana, maana nyingi kati ya hizo ziko karibu na 7. Lakini pH si hadithi nzima. Sabuni ya vyombo imetengenezwa ili ing'oe mafuta yaliyoganda kwenye sufuria, na nta ni jamaa wa karibu wa mafuta hayo. Itaing'oa vile vile. Mafundi wengine huitumia kwa makusudi wanapotaka kuondoa nta kuukuu kabla ya kupaka mpya. Kwa kazi hiyo inafaa. Kwa kila Jumamosi, hapana.

Na wale wanaotia mafuta taa au dizeli ndani ya ndoo ili gari ling'ae? Ndugu zangu, mng'aro huo ni wa saa chache. Mafuta huondoa nta, huharibu mipira ya milango na madirisha, kisha huacha utelezi unaonasa vumbi lote la barabarani. Sitaki kulisema hili zaidi.

Inayofaa ni shampuu iliyotengenezwa kwa ajili ya magari, ambayo kibandiko chake kinasema pH yake iko karibu na 7. Hupatikana katika maduka ya vipuri, kwenye vituo vikubwa vya mafuta na katika masoko makuu. Ni ghali ukiitazama chupa, lakini hutumiwa kidogo mno. Nyingi huhitaji kifuniko kimoja au viwili tu katika ndoo nzima. Soma kibandiko, usikisie. Povu lake pengine halitafurika, na wewe mwenye kikombe cha chai utadhani umepunjwa.

Hata hivyo kuna shampuu na shampuu, na hapa ndipo nilipoanguka mimi.

Miezi michache baada ya kuwekewa seramiki, nilikuwa dukani nikaona chupa mbili. Moja ilikuwa shampuu tupu. Nyingine ilitangaza kwamba inaosha na kupaka nta kwa wakati mmoja, na bei yake ilizidi kidogo tu. Nani asingechukua ya pili? Niliichukua, nikampa kijana, nikamwambia aitumie kwa wingi. Naye alinitii.

Miezi ilipopita na maji yakakataa kuteleza, nilimrudia fundi nikiwa na hasira, nikamwambia utando wake ulikuwa wa bandia. Fundi huyo ni mtu mtaratibu. Hakujibu. Alitandika mkanda wa karatasi katikati ya boneti, akaosha upande mmoja kwa shampuu tupu, akausuuza. Kisha akapaka maji yenye asidi hafifu ya kuondoa madoa ya chumvi, akasubiri kidogo, akasuuza tena kwa maji mengi. Halafu akamwaga kikombe cha maji juu ya boneti yote. Upande wa kushoto maji yalitulia kama kawaida. Upande wa kulia yalijikunja, yakawa matone, yakakimbia.

Nilinyamaza.

“Utando haujafa, ndugu yangu,” akasema. “Umezikwa ungali hai.”

Akanieleza kwamba kazi ya seramiki ni kuyakataa maji, nayo huifanya kazi hiyo ikiwa uso wake uko wazi. Ukiifunika kwa tabaka baada ya tabaka la nta kutoka kwenye sabuni, kinachokutana na maji ni nta, wala si seramiki. Nta hiyo hunasa vumbi. Kwa gari lisilo na kinga yoyote, au lenye nta ya kawaida, shampuu ya namna hiyo si mbaya, kwa kuwa inaongezea palipopungua. Kwa seramiki ni kama kuvaa koti la mvua kisha kuvaa fulana juu yake.

Akaniuliza pia maji ya kwetu yanatoka wapi. Nikamwambia ni ya kisima, kwa sababu mfereji hutoa maji siku mbili tu kwa wiki. Akacheka. Maji ya mfereji wa Nairobi, ambayo mengi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, kwa kawaida hayaachi alama nyingi. Ya kisima ni mengine. Huja na madini ya ardhini, ikiwemo ile floridi inayoyafanya meno ya watoto kuwa ya kahawia katika sehemu fulani. Birika letu limeota ukoko mweupe ndani, nami sikuwahi kufikiri kwamba ukoko huo huo unaota juu ya gari. Maji yanapokauka juani, hupaa yenyewe na kuyaacha madini yamekaa pale.

Kwa hiyo, kama unatumia maji ya kisima, osha gari kivulini, asubuhi mapema au jioni, sehemu moja kwa wakati, na ulifute likauke kabla jua halijakufanyia kazi hiyo. Kama una matangi mawili nyumbani, ya kisima yaoshe na ya mfereji yasuuze. Tulianza kufanya hivyo na mabaka yamepungua sana. Alama zilizokwisha kushika huondolewa kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikisuuzwa upesi. Usiiache ikauke, wala usiifanye ada ya kila wiki.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Tumia ndoo mbili, moja ya shampuu na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kabla hujakirudisha katika povu, la sivyo unachota mchanga na kuupaka tena. Mwagia gari maji kwanza, uondoe tope lililolegea, kisha anza juu ushuke. Magurudumu yawe ya mwisho na yawe na kitambaa chake, kwa sababu vumbi la breki lina chembe za chuma. Na ile fulana kuukuu ya baba, hasa yenye mshono mgumu, iachwe ipanguse jiko. Vitambaa vya maikrofaiba si ghali kama zamani.

Jambo moja haliwezi kungoja Jumamosi, nalo ni mavi ya ndege. Yana asidi, na chini ya jua kali yanaweza kuila klia kwa muda mfupi, seramiki iwepo isiwepo. Mkaao karibu na migunga ya Uwanja wa Nyayo, ambako wale korongo wakubwa hulala, mnajua ninachokisema. Shehena ya ndege mmoja tu hufunika nusu ya kioo. Loweka kwa kitambaa chenye maji na tone la shampuu, subiri dakika chache, kisha inua taratibu. Usikwangue. Fanya hivyo hivyo na maua ya mjakaranda yanayoanguka kila Oktoba. Ni mazuri kwa picha, lakini yakioza juu ya boneti yenye unyevu huacha doa.

Wapo wanaouliza kuhusu gari lililogongwa na kupakwa rangi upya katika gereji. Rangi ya kiwandani huokwa kwa moto mkali, kiasi cha nyuzi 140. Ya gereji zetu nyingi hukaukia hewani, na ingawa mkono hauhisi unata, ndani bado inapumua. Usiifunike kwa nta wala seramiki kwa mwezi mmoja au zaidi, kadiri fundi wako atakavyokuambia. Osha kwa maji na shampuu hafifu, basi. Na hata seramiki yenyewe, ikiwa mpya, hupewa kama siku 7 bila sabuni.

Usijue kinga iliyo juu ya gari ulilouziwa na mtu mwingine? Mwagia maji. Yakiwa matone madogo ya duara, kuna kitu. Yakitandaa, osha kwanza kwa shampuu tupu na umwagie tena kabla ya kumlaumu mtu.

Fundi alimalizia boneti na gari lote kwa saa tatu. Nilimlipa, nikaingia garini, lakini sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilianza kumtafuta yule kijana. Bawabu wetu alinielekeza karibu na steji ya matatu, ambapo vijana kadhaa huosha magari ya abiria. Nilimkuta amepiga magoti chini ya basi, akisugua tairi.

Nilimwambia kwamba sabuni ilikuwa yangu na kosa lilikuwa langu, na kwamba nimekwisha kuwaeleza wale majirani wawili. Alinitazama kwa muda, akafuta mikono kwenye suruali. Hakuniambia kwamba amenisamehe, nami sikumwuliza. Nilimpa chupa mpya. Akaigeuza, akasoma kibandiko chote kwa sauti ya chini, hata yale maandishi madogo ya nyuma.

“Hii haina nta,” akasema.

“Haina.”

“Vifuniko viwili kwa ndoo.” Akafikiri. “Jumamosi sipatikani tena, baba. Jumamosi niko hapa. Nitakuja Jumapili jioni, jua likipoa. Na bei imepanda.”

Nikamwuliza imepanda kwa kiasi gani. Akanitajia, nikakubali. Leo jioni atakuja mara ya nne, na jirani mmoja ameniomba nimwelekeze kwake pia.